Waliopigwa na Baruti

Nyumbani, 11 Februari

Wifi yangu,

Habari za huko? Huku tupo. Mama anakula akilazimishwa, presha imeshuka kidogo. Mkubwa amerudi shule. Mdogo bado, nikimvisha sare anavua viatu na kuvikalia. Wanamuulizia shangazi yao. Mimi nimerudi kazini kwenye mikate. Nilidhani watu wataacha kuinunua kwa kuwa naifunga mimi, lakini wapi, inakwisha mapema kama kawaida.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu iko polisi, wanaiita kielelezo, na nikitumia ya mama anakaa pembeni yangu ananitazama mdomo. Usicheke, posta bado ipo. Karani aliyeniuzia bahasha aliigeuza juu chini kama mtu aliyeletewa samaki asiyemjua.

Najua mama alikuambia kaka yako amepata matatizo na jirani. Ndivyo anavyoyaita. Basi nikuambie mimi. Kinyozi amekufa. Kaka yako alimpiga kichwani kwa ile spana yake kubwa ya mabomba, Jumapili asubuhi, mlangoni kwake Kinyozi, halafu akakaa pale pale kwenye ngazi mpaka polisi walipofika. Sasa yuko mahabusu. Ugomvi unaujua, ni ule wa maji. Kinyozi aliwajengea ndugu zake chumba uani, na maji machafu ya chumba kile yakawa yanapita mbele ya mlango wetu. Mwaka mzima wanazozana. Wazee wa mtaa wamewapatanisha mpaka wakachoka wao.

Wakili tuliyempata ni kijana, tai yake inafika chini ya mkanda, lakini anasikiliza. Anasema kesi si kama kaka yako aliua, hilo mtaa mzima umeona. Kesi ni kwa nini. Kama ni maji na hasira, atafungwa na siku moja atatoka. Kama aliua kwa kuwa Kinyozi na nduguze ni wakuja, waliokimbilia hapa kutoka upande wa pili wa mpaka, hatatoka. Upande wa mashtaka unasema ni hilo la pili. Wamepata watu wa kijiweni waliomsikia akisema wakuja wamejaa mtaani kama siafu.

Wakili ana wazo lake. Anasema mwenye chuki huchagua, mwenye hasira hachagui. Kwa hiyo tumtafutie watu wote ambao kaka yako amewahi kuwapiga, waje mahakamani waseme, ili jaji aone kwamba alikuwa anampiga yeyote. Wifi, miaka yote kazi yangu na mama ilikuwa kuwabembeleza watu hao wasiseme. Sasa natoka mlango kwa mlango nawaomba waseme.

Na wewe umo. Anaomba uandike kuhusu sikio lako.

Siku ile kwenye simu uliniuliza nilisikia nini kabla hajatoka. Nilikuwa jikoni, wifi. Nilikuwa nachambua maharage.

Nisalimie wote unaoishi nao.

Wifi yako


3 Machi

Wifi,

Barua imefika, kona moja imelowa lakini inasomeka. Poleni sana. Mwambie mdogo shangazi amesema viatu ni vya miguu, makalio yana suruali.

Mimi sijambo. Kazi ni ile ile, chini kabisa ya jengo la kulelea wazee. Mashuka yanadondoka kutoka juu, nayafua, nayakausha, nayakunja, yanapandishwa. Wazee wenyewe nawaona Ijumaa tu nikipeleka mito. Kuna bibi mmoja akiniona anavuta blanketi mpaka puani na kumwambia nesi kwamba huyu mkuja asimguse. Ndiyo, na mimi huku ni mkuja. Nesi anacheka, na mimi nacheka, uzee huo. Mto wake naupeleka hivyo hivyo.

Sasa tuseme yetu. Kaka hana chuki. Hasira anayo, hilo hata paka wa mtaani anajua, ndiyo maana wakamwita Baruti kabla hajaota ndevu. Lakini chuki hatukufundishwa nyumbani kwetu. Kinyozi amemnyoa kaka tangu siku alipofungua kibanda. Unamchukia mtu halafu unampa shingo yako aweke wembe? Mwambie wakili aiseme hiyo mbele ya jaji, inatosha.

Kuhusu sikio langu, nilianguka bombani nikichota maji. Muulize mama. Sina cha kuandika.

Na hilo la jikoni, wifi, usinifanye mtoto. Nimelala nyumba hiyo. Ukikohoa jikoni, mtu aliye mlangoni anakupa pole. Alisema nini?

Mbusu mama kwa niaba yangu.

Wifi yako


Nyumbani, 29 Machi

Wifi yangu,

Mama amekusikia Jumapili, anasema sauti yako imekonda. Watoto wazima. Mdogo ameanza kuvaa kiatu kimoja, mwalimu wake amesema atampokea na hicho kimoja. Kazini wamenihamisha kutoka kufunga mikate kwenda kupaka mafuta mabati ya kuokea. Hawakusema kwa nini. Ni kazi nzuri tu, hakuna wateja.

Nimewapata watu kumi na mmoja. Nilidhani watanifukuza, kumbe walikuwa wanangoja kuulizwa. Yule refa, unamkumbuka, aliyepigwa kofi katikati ya uwanja kwa sababu ya penalti, alinikaribisha kwa kiti cha sebuleni akamwita mkewe aje asikilize. Mwenye duka la vifaa amenionyesha kovu lake mbele ya wateja. Yule dereva wa lori la mchanga aliposikia refa yumo, akasema kama refa anakwenda kwa kofi moja, yeye aliyevunjwa pua atakosaje. Wamekaa sebuleni kwetu wanabishana nani alipigwa zaidi. Mama akawapitishia chai. Mtu asiyejua angedhani tunapanga harusi. Kaka yangu mimi pia alikuja, maana harusini kwetu alipigwa na shemeji yake, na ushahidi wa jino hauna haja ya maneno.

Na mimi nimo. Wakili aliniuliza huku akitazama kalamu yake. Nikasema ndiyo. Akauliza mara ngapi. Nikasema mara moja moja.

Wote wanasema kitu kimoja, wifi, kama waliofundishwa. Kwanza kigugumizi kinamshika. Mdomo wa juu unatoka jasho. Halafu anavunja kitu chake mwenyewe, kikombe, redio, chochote, mradi ni chake. Ndipo anapiga. Kesho yake anakuja analia, na ukimruhusu anakutengenezea bomba lako bure. Refa anasema hakuna nyumba mtaani yenye maji ya nguvu kama ya kwake, na kila akifungua bomba shavu linamwasha. Watu wakacheka sana. Mimi nilikuwa nahesabu vikombe vya chai.

Wakili akafurahi. Halafu akauliza, je, mkuja hata mmoja hakuwahi kumpiga kabla ya Kinyozi? Nikasema hakuwahi. Akasema hiyo inaweza kuwa nzuri, au inaweza kuwa mbaya sana, ataifikiria.

Habari ya wembe tuiache. Kaka yako aliacha kunyolewa kwa Kinyozi tangu ndugu zake walipokuja. Alikuwa anajinyoa mwenyewe uani kwa kioo cha pikipiki, na akajikata. Hukujua kwa sababu hakuna aliyekuambia.

Mke wa Kinyozi hajahama. Maji bado yanapita mlangoni kwetu, nayafagia asubuhi na jioni. Juzi alisimama upande wake wa mfereji akaniuliza kama namjua fundi wa pampu, yao imekwama. Kaka yako ndiye aliyewafungia ile pampu. Nikamwelekeza kwa fundi wa sokoni. Akasema asante. Tukaingia ndani kila mtu kwake.

Upande wa mashtaka umeniita pia. Mke halazimishwi kusema dhidi ya mumewe, lakini akitaka anaruhusiwa. Nilimwambia mama ukweli kwamba wameniita. Amesema nyumba hii ni ya mwanawe, na atakayemzika mwanawe akiwa hai hatalala ndani yake. Alisema polepole akiwa anamenya kitunguu. Unajua kwetu hakuna nyumba tena. Kaka yangu mwenyewe amepanga chumba kimoja na watoto wanne.

Usikasirike nimeandika mengi.

Wifi yako


20 Aprili

Wifi,

Salamu kwa wote.

Umeniandikia kurasa nzima za vikombe vya chai na pua ya dereva, na nilichokuuliza hujajibu. Kama hukusikia kitu, sema hukusikia. Neno moja tu.

Hilo la kioo cha pikipiki limenikaa kooni. Lakini kujinyoa si kosa la jinai. Watu wangapi wanajinyoa?

Huku kuna mtu alinifuata kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni kwangu. Alikuwa ananiambia nirudi kwetu, kwa upole kabisa, kama anayenielekeza njia. Amevaa vizuri, amebeba mboga. Nilifunga mlango, nikasikia anajifuta miguu kwenye zulia langu la nje kabla ya kuondoka. Sijui kwa nini nakuandikia hili. Halihusiani.

Wakikuita, sema ni hasira. Ni kweli, na watu kumi na mmoja watasema hivyo hivyo. Hasira ni ugonjwa wa nyumba yetu, baba alikuwa nayo, na mimi ninayo. Watu wanahurumia ugonjwa.

Wifi yako


Nyumbani, 14 Mei

Wifi yangu,

Mama amepata mafua, sasa nafuu. Mkubwa ameshika nafasi nzuri darasani. Mdogo anavaa viatu vyote viwili lakini hapiti mbele ya nyumba ya Kinyozi, anazungukia nyuma. Mimi niko kwenye mabati yangu. Mikono imekuwa laini kama ya bi harusi, kwa hiyo kuna faida.

Umeuliza kwa hasira, na una haki. Nitakuambia mara moja, tusirudie.

Ilikuwa Jumapili, sikuwa na zamu. Kaka yako aliamka vizuri. Alikunywa chai, akaimaliza, akakisuuza kikombe na kukifunika kwenye sahani. Tangu nimeolewa sijawahi kumwona akisuuza kikombe. Akafunga kamba za viatu. Akaniuliza kama chumvi imebaki, ili apitie dukani akirudi. Nikamwambia imebaki kidogo. Akachukua spana kwenye kapu la vifaa, nikadhani anakwenda kazini. Akasema, hawa watu wamezidi, ngoja nikapunguze mmoja.

Alisema kama mtu anayesema ngoja nikazime taa.

Na mimi nilifanya nini? Nilimtazama mdomo wa juu. Ndivyo nilivyozoea, kabla sijamjibu neno lolote namtazama hapo. Ulikuwa mkavu. Kigugumizi hakuna. Kikombe kizima. Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, leo ametulia. Nikainamia maharage yangu. Nilikuwa na furaha, wifi. Miaka yote nimekaa nikilinda hasira yake kama mtu anayelinda chungu kisichemke, na siku ambayo haikuwepo nilijipumzisha. Kama angeshikwa na kigugumizi ningepiga kelele, ningekimbia kumwita Kinyozi afunge mlango. Mama angefanya hivyo, na wewe pia.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Hakuwa na hasira.

Maji yalikuwepo, sikatai. Asubuhi ile aliyaruka mlangoni, niliona. Lakini kwenye maneno yake hakuyataja.

Nimejaribu kulia, machozi hayatoki. Naona kama yote yamempata mtu ninayefanya naye kazi. Sijamwambia wakili. Sijamwambia mtu yeyote, wewe ni wa kwanza. Siku ya kesi ni tarehe ishirini na tano mwezi ujao.

Wewe ulimjua kabla yangu. Niambie kuhusu sikio lako. Sitaki ya bombani.

Wifi yako


6 Juni

Wifi,

Watoto hawajambo? Mama?

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilichukua betri za redio yake nikaweka kwenye tochi ili nisome. Alikuja ametoka jasho hapo hapo unapopasema, neno halitoki, akaipiga ile redio chini, yake mwenyewe aliyoifanyia kazi likizo nzima, ndipo akanipiga. Alinibeba mgongoni mpaka zahanati, analia njia nzima kuliko mimi. Mama ndiye aliyemwambia daktari nilianguka bombani. Tangu siku hiyo niliamini hivyo, nikiulizwa naona kabisa lile bomba na utelezi wake.

Kwa hiyo mimi alinipiga kwa hasira. Nimeiandika yote kwa wakili, kwa mkono wangu, na kuapa mbele ya ofisa wa huku. Iko ndani ya bahasha hii. Mpe.

Niliposoma habari za kikombe nilimkumbuka yule mtu aliyejifuta miguu kwenye zulia langu. Sitaki kusema zaidi.

Sasa nakuomba. Nimetoa changu ambacho sijawahi kumpa mtu. Na wewe cha kwako kimeze. Mkuja amekwisha kufa, maneno yako hayatamfufua. Kaka akitoka uzeeni hana nguvu ya kumdhuru mtu. Mama amebakisha miaka mingapi? Na wewe utalala wapi na watoto wawili? Sema ulikuwa jikoni. Ulikuwa jikoni kweli, si uongo.

Nakupigia magoti, wifi.


Nyumbani, 2 Julai

Wifi yangu,

Watoto wazima. Mama mzima. Nimepokea barua yako na nilifanya ulivyosema, bahasha nilimpa wakili.

Kesi ilianza asubuhi. Refa alisema vizuri sana, watu wakacheka, jaji akawakemea. Dereva alionyesha pua. Mwenye duka akaonyesha kovu. Kaka yangu akafungua mdomo. Wote wakaulizwa dalili, wote wakasema jasho, kigugumizi, kuvunja kitu chake. Halafu wakili akasoma ya kwako. Uliandika vizuri, wifi, kila mtu aliiona ile redio. Mama alisimama akatoka nje, akarudi, akakaa kiti cha nyuma.

Kisha mwendesha mashtaka akaniita. Ni mama mnene mwenye sauti ndogo, unaweza kudhani anauza vitambaa. Jaji akaniambia naweza kukataa. Nilikuwa nimejiandaa kukataa, nilikuwa nimeshika mkoba wangu tayari.

Hakuniuliza habari za wakuja. Hakuniuliza kama nilisikia neno. Alisema, tumesikia mashahidi kumi na mmoja, na dada wa mshtakiwa, kwamba mume wako akikasirika huvunja kwanza kitu chake. Siku ile, kabla hajatoka, alivunja nini?

Ni swali dogo tu. Nilimtazama wakili wetu, nikamwona anaelewa wakati ule ule ninaoelewa mimi. Mashahidi wake wote, na wewe ukiwemo, walikuwa wamemjengea yule mama ngazi, na sasa amepanda.

Ningeweza kusema kikombe. Kikombe kimoja, nani angekwenda kuhesabu? Mke wa Kinyozi alikuwa kiti cha mbele, amevaa miwani ya marehemu mumewe kwa sababu yake imevunjika, nzito inateremka puani, anairudisha kila mara kwa kidole. Nikasema, hakuvunja kitu. Alisuuza kikombe.

Akauliza kama alitetemeka. Nikasema hapana. Akauliza alikuwaje. Nikasema ametulia. Ndipo akauliza alisema nini, na nikasema, neno kwa neno, na la chumvi nikalitaja.

Sikusema kwa ajili ya Kinyozi. Sitajisifu. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu peke yangu huku ninayejua.

Nilimtazama kaka yako kizimbani. Nilimtafuta jasho mdomoni, sikuliona. Walipokuwa wanamteremsha alinipita karibu akauliza, watoto wamekula? Nikasema wamekula. Akasema vizuri. Nimekuwa nikimwogopa mume wangu tangu nilipoolewa, lakini nilikuwa naogopa kitu kingine.

Wamempa maisha.

Mama hajapiga kelele. Amenipa mpaka mwisho wa Septemba. Ananipikia bado, chakula anakiweka mezani halafu anaondoka. Nimeanza kukusanya masanduku kazini, yale ya hamira, ni magumu.

Najua hutaniandikia. Wanao wanakusalimu.


30 Agosti

Wifi,

Hamjambo? Mkubwa bado anashika nafasi ya juu? Na mdogo, anapita wapi siku hizi?

Mimi nipo. Yule bibi wa blanketi amefariki, nilipewa mashuka yake kama ya wengine nikayafua.

Nimekaa na barua yako karibu miezi miwili. Sitakudanganya, nilikuchukia. Nilikuwa naijibu kichwani nikiwa nakunja, nikakutukana matusi ambayo hata refa hajawahi kutukanwa. Siku moja nilivunja sahani yangu mwenyewe ukutani, nikaviokota vipande nikiwa nacheka peke yangu, maana nilijua natoka nyumba gani. Baadaye ikapoa. Ilipopoa nilibaki na swali moja tu, kwamba kama ningekuwa mimi jikoni, ningemtazama wapi? Ningemtazama pale pale. Na mimi ningeinamia maharage.

Nilikuomba umeze kwa sababu mimi niko mbali na kooni kwangu haingekwama. Samahani.

Sasa sikiliza vizuri, na ukimaliza kusoma ichome barua hii.

Jumapili nilimpigia mama. Nilimwambia mimi ndiye niliyekulazimisha useme. Nikamwambia uliniandikia ukilia, kwamba hutamsaliti mume wako hata wakuue, na mimi nikakujibu kwamba usiposema nitamwandikia jaji mwenyewe. Nikasema nilikuwa na kinyongo cha sikio langu tangu utoto, nikapata nafasi. Hilo aliliamini haraka, maana alikuwa amesikia ya redio ikisomwa mbele za watu. Nimesema uongo vizuri kuliko nilivyowahi kusema ukweli.

Mama akauliza, wewe, tumbo moja naye? Nikasema mimi. Akaniambia maneno, sitayaandika. Akasema binti hana, alibaki na mkwe na wajukuu wawili, na mkwe mwenyewe masikini alitishwa.

Kwa hiyo atakuja kukuambia ufungue masanduku. Akija usibishe, na usinikanushe. Moyo wako utakusukuma umwambie ukweli, nakujua. Usimwambie. Analo la mwanawe, hili la pili hataliweza akijua tumemdanganya. Mpokee, mkalishe, mpe dawa yake. Mfereji ule mwite yule fundi wa sokoni auchimbe upya, mshirikiane na mke wa Kinyozi.

Namba yangu ameifuta. Barua zako ziandikie kazini kwako, usiziache nyumbani.

Nisalimie watoto. Mama usimsalimie.

Wifi yako